Nilikuita Binti, Sikukuita Mkwe

Ijumaa ya tarehe kumi na tano Agosti, mwaka 2008, Cherotich alivaa gauni la kijani ambalo Sudhir aliwahi kumwambia kwamba linamsahaulisha alichotaka kusema. Alilivaa kwa makusudi. Alikuwa amealikwa kwenye sherehe ya uhuru wa India, na aliyemwalika si Sudhir bali mama yake Sudhir. Matata yote yalianzia hapo, kwa sababu mama huyo hakujua anamwalika nani.

Cherotich alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Kericho, anayefanya kazi katika wodi ya upasuaji ya wanawake hapo Doha. Sudhir alikuwa Mhindi wa Kerala, fundi mkuu wa lifti katika maghorofa ya West Bay. Walijuana siku lifti moja ilipokwama Cherotich akiwa ndani. Sauti ya kwanza aliyoisikia ya mwanamume huyo ilipita kwenye ufa wa mlango ikimwambia atulie, anakuja, wala haendi popote mpaka amtoe. Alipomtoa hakuuachia mkono wake upesi, na Cherotich hakuuvuta. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu hapo, na katika miaka hiyo miwili hakuna mtu wa upande wa Sudhir aliyewahi kuambiwa.

Upande wa Cherotich walijua. Alimpigia baba yake simu Kericho akamweleza waziwazi. Baba yake akasema Mhindi anayemjua yeye ni yule wa dukani, anayekuuzia sukari miaka thelathini bila kukukaribisha sebuleni kwake hata siku moja. Waligombana. Baba alikata simu, Cherotich akapiga tena, akakatiwa, akapiga tena, akakatiwa, akapiga tena. Mwisho mzee alichoka akasema, basi mlete tumwone. Hivyo ndivyo Cherotich alivyompigania mtu wake, na alidhani naye anapiganiwa vivyo hivyo mahali asipopaona.

Mwezi Julai mama yake Sudhir, Bi Devaki, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuja Doha kumtembelea mwanawe. Hata kabla hajazoea joto la huko alishikwa na maumivu ya nyongo, akapasuliwa, kidonda kikamsumbua, akalazwa katika wodi ile ile ya Cherotich. Sudhir alimsihi Cherotich asimwambie kitu. Alisema, mwache kwanza akupende wewe kama wewe, halafu nitamwambia. Cherotich alikubali, japo moyo haukutulia. Akamwosha mama huyo, akamgeuza kitandani, na jioni akamchana nywele zake nyeupe na kuzipaka mafuta ya nazi, kwa sababu bila mafuta ya nazi Bi Devaki hakuweza kulala. Mama akaanza kumwita *mole*, ambalo kwa Kimalayalam ni binti yangu, akamwambia naye amwite Amma, mama.

Ni kitandani hapo alipomsimulia habari za baba yake, Mzee Govindan. Enzi za ukoloni Mwingereza aliwakataza Wahindi kujitengenezea chumvi, ilhali bahari ni yao na jua ni lao. Govindan alikuwa kijana tu alipotembea na wenzake mpaka ufukweni, akachota maji akayachemsha mbele ya polisi. Alivunjwa taya, akafungwa jela Kannur, na mpaka anakufa alikuwa akitafuna chakula upande mmoja. Cherotich aliisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara alikaa ukingoni mwa kitanda akasikiliza kana kwamba ni babu yake mwenyewe aliyepigwa. Ndiyo maana Bi Devaki aliporuhusiwa kutoka, alimshika mkono akamwambia lazima aje kwenye sherehe. Angesema maneno machache kuhusu baba yake, na angependa binti yake awepo.

Basi akaenda. Asubuhi alisali kanisani Mesaimeer kama Ijumaa zote, kisha rafiki yake Kawira, muuguzi mwenzake kutoka Meru, akamchukua kwa gari lake dogo mpaka kwenye ukumbi wa shule uliokodishwa na Wahindi wa Doha. Bendera za rangi tatu zilitundikwa mpaka vyooni. Watoto walivaa nguo nyeupe za pamba iliyosokotwa kwa mkono. Kawira alisema yeye amefuata pilau tu.

Bi Devaki alipanda jukwaani akikataa kushikwa mkono. Alizungumza kwa Kiingereza ili watu wa majimbo yote waelewe. Alisimulia kuhusu ufukwe, sufuria ya chumvi, rungu la polisi na jela. Alisema baba yake alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba Mwingereza hakuwakosea kwa chumvi tu, aliwakosea kwa kuwatazama kama watu wa kusimama mlangoni. Alisema mtu yeyote anayemsimamisha mwenzake mlangoni ni Mwingereza, hata kama amezaliwa kwetu Malabar.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Cherotich alikuwa analia. Alimtafuta Sudhir kwa macho, akamwona amesimama karibu na jukwaa katika shati lake jeupe, naye anamtazama. Katika jicho lile alisoma ahadi. Alijiambia, ni leo, mama mwenyewe ameshaufungua mlango.

Chakula kiliandaliwa juu ya majani ya mgomba. Bi Devaki alimwita Cherotich akae kando yake na Sudhir akaketi upande wa pili. Mama alikuwa na furaha ya mtu aliyesema vizuri. Alimwekea Cherotich embe la achari kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia ale ashibe. Kisha akamwinamia sikioni, kama mama na binti wanavyofanya, akamwambia ana habari njema. Wiki ijayo anarudi nyumbani, na Sudhir anampeleka. Kuna msichana huko, mwalimu, wa ukoo wao wenyewe, nyota zao zimeshapimwa zikapatana. Sudhir anakwenda kumwona. Kama mambo yatakwenda sawa, harusi ni baada ya mvua.

"Sudhir anajua?" Cherotich aliuliza.

"Ameshakubali," mama alisema. "Nilimwuliza nikiwa bado hospitalini."

Cherotich alimtazama Sudhir. Sudhir alikuwa anatazama jani lake la mgomba, anasogeza wali kwa vidole kutoka upande huu kwenda upande ule. Hakuinua uso. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimwambia Cherotich kila kitu. Jioni zile alipokuwa akimpaka mama mafuta, mama alikuwa amekwisha kupewa jibu.

Alinawa mkono kwenye bakuli, akaukausha polepole, ili asipige kelele.

"Amma," alisema, "Sudhir hawezi kwenda kumwona msichana huyo. Ana mchumba tayari. Ni mimi."

Bi Devaki alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Akamtazama mwanawe. Alipoona hakanushi, tabasamu lilimtoka. Aliinuka, akawaashiria wamfuate, akaingia chumba cha darasa kilichokuwa kando ya ukumbi, mahali palipojaa viti vidogo vya watoto wa chekechea. Sudhir alifunga mlango. Hakuna aliyekaa.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Miaka miwili," Cherotich alijibu.

"Kwa hiyo uliponiosha ulijua mimi ni nani."

"Nilijua."

"Basi ulikuwa unaninunua kwa mafuta ya nywele."

Cherotich alihisi kofi la maneno hayo. "Nilikuosha kwa sababu ulikuwa mgonjwa, Amma. Hata ungekuwa mama wa adui yangu ningekuosha vile vile. Wewe ndiye uliyeniita binti. Mimi sikukuomba."

"Nilikuita binti," Bi Devaki alisema, na sauti yake ilikuwa baridi. "Sikukuita mkwe. Binti wa wodini ni wa wodini. Nakuheshimu. Nitakuombea mpaka nife. Lakini nyumbani kwetu kuna taa ya ibada ambayo mama yangu aliiwasha, na mama yake kabla yake. Siwezi kumpa taa hiyo mtu ambaye majirani watauliza ametoka wapi."

"Sema tu ni rangi yangu."

"Usinilazimishe."

"Umetoka kulisema jukwaani sasa hivi. Umesema anayemsimamisha mwenzake mlangoni ni Mwingereza. Mimi nimesimama wapi, Bi Devaki?"

Hakumwita Amma tena, na mama aliliona hilo. Hasira ya Cherotich haikuwa imemaliza kazi yake. Alimwambia kwamba naye ana watu wake. Yeye ni wa ukoo wa Talai, na mwaka wa thelathini na nne serikali hiyo hiyo ya Mwingereza iliwazoa Watalai wote kutoka Kericho, wazee na wanyonyeshao, ikawaswaga mpaka Gwassi kando ya ziwa, nchi ya mbung'o na homa, ili ardhi yao inyamaze. Kogo wake, yaani bibi yake mzaa baba, alizaliwa huko uhamishoni na kuzika ndugu zake huko. Alirudi Kericho akiwa mama wa watoto, akakuta hana hata pa kupanda mboga.

"Nilipokuwa nakusikiliza kitandani," alisema, "nilimlilia baba yako na kogo wangu pamoja. Nilidhani machozi yetu ni ya jamaa moja."

Bi Devaki alishika mgongo wa kiti kidogo. Pengine kidonda kilimwuma. Sudhir alisogea kumshika, na Cherotich akageuka akamkabili. Alimpenda hata wakati huo. Aliyaona macho yake mazito, na kovu dogo la waya kidevuni alilolibusu mara nyingi, na upendo huo ukamzidishia ghadhabu.

"Sema wewe," alimwambia. "Mama amesema, nami nimesema. Zamu yako."

Sudhir alimtazama mama, akamtazama yeye.

"Cherotich, Amma ametoka kushonwa juzi tu," alisema. "Si leo."

Cherotich alingoja kidogo, labda kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Akafungua mlango akatoka.

Kawira alimwona akivuka ukumbi, akaacha sahani yake bila kuuliza. Nje jua la saa kumi liliwapiga usoni na unyevu ukawaganda mwilini. Ndani ya gari Kawira aliwasha kipoza hewa, akauliza jamaa amesema nini. Cherotich akamwambia, amesema si leo.

"Si leo ni lini sasa?" Kawira alisema. "Huyo ametoboka, hashiki maji, dadangu. Twende zetu."

Lakini Sudhir alikuwa amekwisha kufika dirishani, anahema. Cherotich alishuka. Hakutaka kuzungumza na mtu kupitia kioo. Sudhir alimwomba msamaha kwa haraka haraka. Alieleza kwamba alipomkubalia, mama alikuwa kitandani na mirija puani, angemkataliaje? Alisema ana mpango. Atakwenda Kerala, atakaa sebuleni kwa watu hao, atakunywa chai yao, atamwona msichana, kisha atarudi Doha na kusema hakumpenda. Mama atakuwa ameridhika kwamba alijaribu. Baadaye, polepole, watatafuta njia.

Cherotich alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo msichana ana jina?" aliuliza.

"Sijali jina lake."

"Najua hujali. Atavaa sari yake nzuri, atakuletea chai na mikono inatetemeka, mama yake atakuwa nyuma ya pazia anaomba Mungu. Halafu wewe utarudi useme hakukupendeza. Utamchafulia jina binti wa watu ili usimwambie mama yako ukweli. Na mimi wakati huo nitakuwa wapi? Nimejificha kwenye nyumba ya wauguzi, nangoja simu?"

"Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Unanipenda gizani, Sudhir. Baba yangu alinikatia simu mara tatu kwa ajili yako. Nilipiga mara ya nne. Wewe mara yako ya kwanza ni lini?"

Alijaribu kumshika mkono. Cherotich aliurudisha nyuma, na lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya siku hiyo. Alimwambia asimpigie simu. Asimtumie ujumbe. Aende Kerala akanywe chai.

Hapo ndipo walipomwona Bi Devaki. Alikuwa anakuja peke yake katikati ya magari, mkono mmoja umebana ubavu, anatembea hatua za mtu aliyekatwa. Cherotich, kwa mazoea ya kazi, aliondoka kwenda kumpokea, kisha akajizuia akasimama. Mama alifika, akaegemea gari la Kawira, akavuta pumzi. Kawira alishuka akamfungulia mlango wa nyuma akae, naye akakaa ukingoni, miguu nje.

"Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili," alianza bila utangulizi, "palikuwa na mwalimu wa hesabu. Tabaka lake lilikuwa chini ya letu. Aliniletea mapera. Tulitaka kuoana." Alimtazama Cherotich kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyemlazimisha kukumbuka. "Baba yangu, huyo unayemlilia, alinifungia chumbani msimu mzima wa mvua. Chakula kilipitishwa chini ya mlango. Aliivunja sheria ya Mwingereza ya chumvi. Sheria ya nyumba yake hakuivunja. Nilipotolewa, mwalimu alikuwa amehamishwa shule, na mimi nikaolewa na mtu waliyemtaka."

Sudhir alikuwa amekodoa macho. Hakuwahi kuisikia habari hiyo.

"Mimi nilitii," Bi Devaki alisema. "Nikazaa, nikapika, nikamzika baba yangu kwa heshima zote, nikapanda majukwaani nikamsifu. Kwa nini wewe usitii? Wewe ni nani hata usitii?"

Cherotich alichuchumaa mbele yake, macho kwa macho, kama alivyokuwa akifanya wodini alipotaka kumwambia jambo la kuuma.

"Ulimsamehe?" aliuliza.

Mama aliinamisha uso, akaikunja ncha ya sari mkononi. Kwa muda alikuwa tena yule mgonjwa aliyeshindwa kulala bila mafuta ya nazi, na Cherotich angeweza kumkumbatia, lakini hakumkumbatia. Alimwambia kwa upole kwamba jela ya Kannur ilikuwa na askari wake, na chumba kile nacho kilikuwa na askari wake, na mtu anayejua uchungu wa kufungiwa asiwe wa kwanza kushika ufunguo.

Bi Devaki alijifuta uso kwa ncha ya sari. Akamgeukia mwanawe, akamwambia maneno machache kwa Kimalayalam. Cherotich akamwuliza Sudhir mama amesema nini.

"Amesema atasafiri peke yake," Sudhir alijibu taratibu. "Amesema hajakukubali, asikudanganye. Lakini hatanipeleka kwa wale watu. Amesema yeye si askari jela."

Uso wake ulikuwa umeanza kung'aa. Alinyoosha mikono miwili kuelekea kwa Cherotich, kama mtu ambaye mambo yamemwendea vizuri. Tabasamu hilo ndilo lililomkata Cherotich maini.

"Usinichekee," alimwambia. "Mama yako ndiye aliyetembea na kidonda mpaka hapa. Wewe umefanya nini? Umetafsiri."

Akamsaidia Bi Devaki kuinuka, akamshauri asibebe kitu na akalale chali jioni hiyo. Akaingia garini. Kawira aliondoa gari. Walipokuwa mbali ndipo Cherotich alipolia, kwa nguvu, akipiga dashibodi kwa ngumi, naye Kawira akamwacha apige.

Wiki hiyo simu haikulia. Alikuwa ameikataza isilie, na ilipotii alikasirika. Alisikia kutoka kwa watu kwamba Bi Devaki amepanda ndege. Kuhusu Sudhir hakusikia kitu.

Ijumaa Wakenya walikusanyika kama kawaida baada ya misa ya Mesaimeer, kivulini kando ya maegesho, na chupa za chai na mandazi ya Kawira. Mkubwa wao alikuwa Athanas, dereva wa makamo kutoka Kakamega, waliyemwona kama kaka yao mkubwa na waliyemwachia kesi zao zote. Cherotich alikuwa anamimina chai alipoona watu wamegeuza shingo. Sudhir alikuwa anatoka upande wa lango ambako walinzi hukagua mifuko. Hakuwa Mkristo, na hakuwa amewahi kufika mahali hapo. Siku zote alimshusha Cherotich barabarani akaondoka. Alivaa shati lile lile jeupe. Alipita katikati ya watu wote waliokuwa wakimtazama, akasimama mbele ya Athanas.

Alisalimia kwa Kiswahili kibovu alichofundishwa na Cherotich. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kwamba anaitwa Sudhir, kwamba kwa miaka miwili amempenda dada yao na kumficha kama mtu aliyeiba, na kwamba kumficha huko kulikuwa kumdharau. Jana alimpigia baba yake Cherotich huko Kericho. Amekatiwa simu mara mbili na atapiga tena leo. Juzi aliwapigia wajomba zake wote Kerala, mmoja mmoja, akawaambia jina la mwanamke anayetaka kumwoa na anakotoka. Wawili wamesema hawamjui tena.

"Na mama yako?" Athanas aliuliza.

"Alikuwa ananisikiliza pembeni ya mjomba wa mwisho," Sudhir alisema. "Hakukata simu."

Athanas alikuna kidevu, akasema hilo si la kuamua yeye, mwenyewe yupo. Wote wakamtazama Cherotich.

Alikuwa bado ameshika chupa ya chai. Alitamani kumkimbilia, lakini hakumkimbilia. Alitembea mpaka mbele yake, akasimama karibu kiasi cha kuona jasho kwenye kovu la kidevu.

"Bado nina hasira na wewe," alimwambia.

"Najua."

"Nyingi. Haziishi leo wala mwezi huu."

"Nitakaa nazo," Sudhir alisema. "Nikasirikie hapa hapa, mbele ya watu."

Cherotich akamwambia Kawira amsogezee mgeni kiti.